Maji Yaliyonyimwa Pa Kulala

Kiwanja cha kawaida Kampala ni futi 50 kwa 100. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu si ajabu kunyesha alasiri moja, humwaga juu ya kiwanja hicho lita 23,000 hivi za maji. Hizo ni jerikeni za lita 20 zaidi ya 1,100. Penye majani na udongo mlaini, mengi hunywewa na ardhi. Jenga, ezeka mabati, sakafia ua wote, na karibu jerikeni zote zitateremka bondeni kwa mkupuo mmoja. Zidisha kwa viwanja vya Makerere, Kawempe na Mulago, ndipo utajua kwa nini Bwaise, mtaa ulio bondeni, huamka umo majini.

Wengi husema mvua za siku hizi zimezidi. Mvua ina lake, lakini sisi tunaoshughulika na maji kila siku tunauliza kwanza: yalikuwa yakilala wapi? Yalikuwa yakilala kwenye kinamasi.

Ukiingia katikati ya mafunjo ya Lubigi, kinamasi kinachopokea maji ya Bwaise, hukanyagi ardhi. Unakanyaga zulia la mizizi iliyosokotana, linanesa kama godoro, na chini yake kuna maji. Mafuriko yakija, zulia hilo hunyanyuka nayo. Maji hutanda, hupungua kasi, hutua tope lake, kisha huendelea kidogokidogo kuelekea mito Mayanja na Kafu. Kazi kubwa ya kinamasi ni hiyo, kuyachelewesha maji. Sasa lori likimwaga udongo pale, udongo huo umekalia nafasi ya maji, nayo hayatoweki. Yanahamia kwa jirani.

Mwaka 1994 ardhi oevu, yaani vinamasi na mabonde yenye majimaji, ilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya Uganda. Iliyobaki ikiwa nzima leo haifiki asilimia 10. Upande wa mashariki mpunga ndio umekula sehemu kubwa, kwa sababu mkulima huchimba mitaro ili maji yaondoke haraka, na hayo ya haraka humkuta mtu mwingine mbele. Miteremko ya mlima Elgon nayo imelimwa hadi juu. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku mjini Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Mwezi Mei 2023 ilikuwa zamu ya mto Katonga: daraja la barabara ya Masaka likakatika, na magari yakalazimika kuzunguka mbali.

Kwenye Ziwa Victoria, hasara huja kwa rangi. Maji machafu ya katikati ya Kampala hupitia mfereji wa Nakivubo hadi ghuba ya Murchison, na siyo mbali na hapo, Ggaba, ndipo mji unapochota maji ya kunywa. Zamani mafunjo yalisimama katikati kama chujio. Mizizi yake huelea na kunyonya mbolea iliyomo kwenye uchafu, ndani ya maji yenyewe. Mahali pengi yameng'olewa, yakapandwa magimbi, ambayo mizizi yake imejificha udongoni huku maji machafu yakipita juu. Mbolea hiyo ikifika ziwani hulisha mwani, maji yanageuka kijani, na kuyasafisha kunahitaji dawa nyingi zaidi.

Lakini tusikitwike kinamasi kila kosa. Ziwa Victoria lilipopanda mwaka 2020 hadi kuipita rekodi ya 1964, sababu kuu ilikuwa mvua, maana takriban asilimia 80 ya maji yake hunyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Kosa letu lilikuwa kujenga ndani ya zile mita 200 za ukingo ambazo kanuni za mwaka 2000 zinataka ziachwe. Na maji yalipopanda yaling'oa vipande vya mafunjo vikawa visiwa vinavyoelea. Kimoja kilinasa kwenye bwawa la umeme la Jinja mwezi Aprili, nchi ikaingia gizani.

Anayetafuta kiwanja ajue kwamba madalali hupenda kuonyesha mabonde Januari na Julai, wakati wa kiangazi. Chimbua kidogo kwa jembe: udongo mweusi wenye harufu ya uvundo ni kinamasi, hata kama juu pamemwagwa changarawe. Angalia vizingiti vya majirani vilivyoinuliwa kwa matofali na alama ya maji ukutani. Muulize mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na waulize pia wazee, maana mwenyekiti huenda ana fungu lake kwenye mauzo. Hati ya ardhi haitakuokoa: kwa katiba ya 1995, ibara ya 237, ardhi oevu inashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote.

Wanaoishi kwa kinamasi nao wana njia. Mafunjo yakikatwa juu kwa ajili ya mikeka, mzizi ukaachwa na maji yasikaushwe, huwa yamesimama tena baada ya miezi sita hadi tisa.