Mlalo wa Kwanza: Tunavyojilaza Usiku katika Nyumba za Lamu

Mtu akiulizwa hulala vipi, hujibu bila kusita: huyu atasema chali, yule atasema ubavu, mwingine atasema kifudifudi na mkono chini ya mto. Jibu hilo ni la kweli kwa dakika chache tu. Anachokieleza ni mlalo anaouchagua akiwa bado macho, ule anaojilaza nao akisubiri usingizi umchukue. Baada ya hapo mwili hujiendea wenyewe, ukageuka mara kadhaa hadi alfajiri, na mwenyewe asijue. Makala haya, tunayoyatoa kwa wakazi wa Lamu na visiwa vyake kutokana na maswali tunayoulizwa kliniki, yanahusu mlalo huo wa kwanza, kwa sababu ndio pekee tulio na amri nao, na kwa sababu wapo watu ambao kwao jambo hilo ni la uhai.

Watafiti waliowafunga wafanyakazi zaidi ya 600 nchini Denmark vifaa vidogo vya kupima mwendo wa mwili, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walikuta kwamba watu hao walitumia kiasi cha asilimia 54 ya muda wao kitandani wakiwa wamelala ubavu, asilimia 37 hivi chali, na asilimia 7 tu kifudifudi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90, na katika kila mzunguko kipo kipindi cha ndoto ambacho misuli ya mwili hulegea kabisa, kiasi kwamba mtu hageuki. Kugeuka huja zaidi pale usingizi unapotoka hatua moja kuingia nyingine. Kwa hiyo asiwepo wa kujilaumu kwamba alilala vizuri akaamka vibaya.

Lipo pia jambo linalozunguka sana kwenye simu, kwamba mlalo wa mtu hufichua tabia yake. Mwaka 2003 mtaalamu wa usingizi wa Uingereza, Chris Idzikowski, aliwauliza watu 1,000 juu ya milalo yao, na asilimia 41 wakasema hujikunja kama mtoto aliye tumboni. Kila mlalo ukapewa sifa zake za moyo, na magazeti yakazipokea kwa furaha. Ushahidi wa kumpima mtu haya au ukali kwa namna alivyokunja magoti hautoshi, na ningesikitika kuona mchumba akihukumiwa kwa jambo hilo. Watu hujikunja kwa sababu upepo wa kusi unapenya dirishani usiku wa Julai, na hujinyoosha mikono na miguu mbali na kiwiliwili kwa sababu ni joto la kaskazi na shuka imelowa jasho.

Kinachoamua mlalo wa mtu, kwa kiasi kikubwa kuliko tabia, ni kitanda chenyewe. Nilipata kumtazama fundi mmoja mtu mzima akiwamba kitanda cha kamba katika kiwanda cha nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani. Aliukanyaga mfumbati kwa unyayo, akaivuta kamba ya makumbi kwa mikono miwili mpaka ikatoa mlio, kisha akaigongagonga kwa kipande cha mti ili ikae sawa na wenzake, na kila alipomaliza safu moja aliweka kiganja katikati na kubonyeza. Nilipomuuliza anapima nini, alinijibu: "Mwanangu, kitanda kikilegea, hata ukilala ubavu kitakurudisha chali." Hakuna daktari wa mifupa atakayempinga. Malazi yaliyobonyea katikati humwingiza mtu bondeni, kiuno kikashuka, mgongo ukapinda, na asubuhi akaamka akijishika nyonga. Kamba iliyowambwa vizuri ina faida nyingine tunayoisahau: hewa hupita chini yake. Godoro la sponji, ambalo sasa limeingia karibu kila nyumba, hushika joto la mwili, na usingizi mzito huhitaji joto la ndani la mwili lishuke kidogo. Ndiyo maana wakati wa kaskazi wengi huhamia darini chini ya makuti au barazani. Hakuna ubaya, mradi chandarua chenye dawa kihame pamoja nao na kuchomekwa chini ya malazi pande zote. Na kwa kuwa mbu huuma hata kupitia matundu ya chandarua pale mkono au goti linapokigusa, anayelala ametanuka ahitaji chandarua kipana.

Kisha kuna wenzetu tunaolala nao. Watoto watatu kitanda kimoja, mmoja wao mzungu wa nne, miguu yake usoni pa wenzake, hawachagui mlalo. Hupokea nafasi iliyobaki. Na kuna dini. Wengi wetu tumelelewa katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kutawadha kabla ya kulala, kukung'uta malazi, na kujilaza kwa ubavu wa kulia. Masuala ya dini tunawaachia masheikh wetu, lakini kwa upande wa afya naweza kusema kwamba mazoea yanayorudiwa kila usiku kwa mpangilio uleule huufundisha mwili kwamba saa ya kulala imefika, na kwamba kukung'uta malazi katika nyumba zenye mianya ya mawe na makuti kumewaokoa wengi na nge na tandu.

Hapo ndipo penye kosa moja ambalo tunalikuta mara kwa mara, nalo hufanywa kwa mapenzi makubwa. Mama au bibi humlaza mtoto mchanga kwa ubavu wa kulia kama alazwavyo mtu mzima, au humlaza kifudifudi ili asishtuke na kuamka. Mtoto mchanga hana nguvu ya kujizuia ubavuni. Husukumwa na uzito wake mwenyewe akaangukia kifua, uso ukazama kwenye godoro, naye hawezi kuuinua. Mlalo wake wakati wote, usiku na mchana, ni chali, mpaka atimize mwaka mmoja. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, na madaktari wa watoto wa Marekani wakatoa shauri la kuacha kuwalaza watoto kifudifudi mwaka 1992. Katika nchi hizo vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Ni dawa chache zenye mafanikio ya namna hiyo, na hii haiuzwi.

Hofu ya akina bibi ni kwamba mtoto aliye chali akicheua atapaliwa. Tuitazame hofu hiyo kwa heshima, kwa sababu ina mantiki yake. Shingoni mna njia mbili, ya hewa mbele na ya chakula nyuma. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu na ya chakula chini, hivyo kinachopanda kutoka tumboni kingelazimika kupanda mlima ili kiingie mapafuni. Akigeuzwa kifudifudi, njia ya hewa huwa chini, na maziwa hutiririkia pale pale tunapoogopa. Alazwe juu ya godoro gumu kiasi lililo tambarare, bila mto, bila leso zilizorundikwa, bila mwanasesere; awe chumba kimoja na mama yake, lakini juu ya malazi yake mwenyewe, chini ya chandarua. Akiwa macho na mtu anamtazama, alazwe kifudifudi kwa muda, shingo na mabega yapate nguvu. Atakapoweza kugeuka mwenyewe pande zote mbili, mlazeni chali kisha mwacheni ageuke apendavyo.

Kwa mama mjamzito, hesabu huanza wiki ya 28. Tumbo likiwa kubwa, anapolala chali uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Uchambuzi uliounganisha takwimu za tafiti kadhaa, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wajawazito walioanza usingizi wakiwa chali katika miezi ya mwisho walikuwa na hatari ya kujifungua mtoto mfu mara 2.6 ya wale walioanza kwa ubavu wa kushoto. Hatari yenyewe kwa mama mmoja mmoja bado ni ndogo, lakini kuiepuka hakugharimu chochote. Zamani tulisisitiza ubavu wa kushoto peke yake. Uchambuzi huo ulikuta wa kulia uko salama vilevile, kwa hiyo mama aliyezoea kulia asisumbuke. Mto wa usufi nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti humsaidia kutulia. Wengi hutujia na wasiwasi kwamba waliamka saa nane za usiku wakajikuta chali. Jibu letu ni lile lile: geuka ubavu, uendelee kulala. Mlalo wa mwanzo ndio mtu hukaa nao kwa muda mrefu zaidi, na ndio tunaouhimiza, hata kwa usingizi wa mchana.

Kwa wenye kiungulia, kushoto na kulia hutofautiana waziwazi. Tumbo la chakula limekaa upande wa kushoto, na mtu akilala ubavu huo, tindikali hubaki chini ya mlango wa koo la chakula. Akilala kulia hupanda kwa urahisi. Anayependa kuanza kwa kulia kama alivyofundishwa aweza kufanya hivyo kisha akageukia kushoto anapohisi moto kifuani. Pia inueni mchago: vigingi viwili madhubuti chini ya matendegu ya mchagoni, vya kimo cha sentimita 15 hadi 20, huinua kiwiliwili chote, jambo ambalo kurundika mito hakulifanyi, kwa kuwa mito huinua kichwa na kukunja tumbo. Na pilau ya arusini ikiliwa saa nne za usiku, kitanda kingoje kwa muda wa kama saa tatu.

Jinamizi linastahili maelezo yake. Mtu huamka, macho yako wazi, anakiona chumba chake, lakini hawezi kuinua kidole, na huhisi kitu kizito kimemkalia kifuani. Katika kipindi cha ndoto ubongo hufunga misuli ili tusizitende ndoto zetu. Wakati mwingine akili huamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa. Hali hiyo hupita kwa sekunde au dakika chache na haidhuru mwili. Huwapata zaidi wanaolala chali, waliokosa usingizi, na wanaolala saa zisizo na mpango. Anayesoma dua aendelee kusoma, kwani utulivu wa moyo humsaidia mtu kulala; aongeze pia kulala ubavu na kulala mapema.

Kulala mapema ndiko kunakotushinda. Lamu iko karibu na ikweta, nyakati za sala hazibadiliki sana mwaka mzima, na adhana ya alfajiri hutuamsha karibu saa kumi na moja. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 saa tisa hadi kumi na mbili. Anayekaa barazani hadi saa sita za usiku keshapoteza mbili, na kailula ya nusu saa baada ya adhuhuri humrudishia sehemu tu. Kikombe cha kahawa tungu kinachonywewa saa tatu usiku huacha nusu ya kafeini yake mwilini hadi karibu saa nane. Miraa nayo huchangamsha ubongo na kuuondoa usingizi, na mlaji hubaki akitazama boriti hadi kuche. Simu nayo iachwe nje ya chandarua. Kwa wavuvi siwezi kutoa shauri la saa moja ya kulala, maana maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, na wao huenda na maji. Ninachowaomba ni kwamba aliyerudi baharini alfajiri apewe chumba chenye giza na nyumba imnyamazie, kama anavyonyamaziwa anayelala usiku.

Nimeacha kukoroma mwisho kwa sababu ndilo jambo ambalo mwenyewe halisikii. Mtu akiwa chali, ulimi na nyama laini za koo huangukia nyuma na kuibana njia ya hewa. Koromo la kawaida hupungua akigeuka ubavu, na ipo mbinu ya kushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili akirudi chali umwamshe. Lakini lipo koromo linalokatika: sauti inakoma ghafla, kifua kinahangaika bila pumzi kwa sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka na kutweta. Huyo anakosa hewa mara nyingi kila usiku. Mchana husinzia akizungumzishwa, na shinikizo lake la damu laweza kupanda. Tunamwomba aje kliniki, na asije peke yake. Aje na mkewe, au mumewe, au ndugu wanayelala chumba kimoja, kwa sababu swali letu la kwanza, la pumzi kukatika na kwa muda gani, tutamuuliza yule aliyekuwa macho.