Julian Bond na kiti alichonyimwa na wenzake

Je, wabunge walio wengi wanaweza kumkatalia kiti mwenzao aliyechaguliwa kihalali kwa sababu tu hawapendi kauli zake? Nchini Marekani swali hilo lilijibiwa mwaka 1966 kupitia kesi ya Julian Bond, kijana wa miaka 26 aliyechaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Georgia. Tunalolizungumzia hapa ni bunge la jimbo, wala si Bunge la Marekani lililoko Washington. Kila jimbo nchini humo lina katiba yake, gavana wake na bunge lake, na bunge la Georgia hukutana Atlanta likiwa na Baraza la Wawakilishi na Seneti.

Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940, akasoma Morehouse College mjini Atlanta, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa waasisi wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyopambana na ubaguzi wa rangi bila kutumia nguvu, ambako baadaye aliongoza shughuli za habari. Mlango wa bunge ulifunguliwa na mahakama. Kwa muda mrefu kaunti za mashambani zenye watu wachache zilikuwa na sauti kubwa bungeni kuliko miji, hadi mahakama za shirikisho zilipoamuru maeneo ya uchaguzi yagawanywe upya kwa kufuata idadi ya watu. Katika uchaguzi maalumu wa Juni 1965 Bond alipata takriban asilimia 82 ya kura, na Wamarekani weusi wanane wakachaguliwa kuingia baraza ambalo halikuwa na mwakilishi mweusi tangu mwaka 1907.

Siku nne kabla ya kuapishwa, yaani Januari 6, 1966, SNCC ilitoa tamko la kulaani vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika yeye. Mwandishi wa redio alimpigia simu akamwuliza kama analiafiki, naye akajibu kwamba analiafiki. Wawakilishi 75 walitia saini pingamizi dhidi yake, wakidai kwamba mwenye msimamo huo hawezi kuapa kwa dhati kuitii Katiba ya Marekani na ya Georgia, na wenzake walipoapishwa Januari 10, karani alikataa kumwapisha. Katika kikao cha kumhoji alieleza kuwa anaustahi ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini hali wakijua adhabu inayowangoja, lakini hajawahi kumshawishi yeyote kufanya hivyo. Yake mwenyewe ilikuwa mfukoni, na alikuwa tayari kuitoa waione. Maelezo hayo hayakumsaidia, kwani baraza lilimkatalia kiti kwa kura 184 dhidi ya 12.

Mambo hayakuishia hapo, na kwa maoni yangu yaliyofuata ndiyo sehemu yenye mafunzo zaidi, ingawa husimuliwa kwa nadra. Kiti kilitangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukafanyika Februari, na wapiga kura wakamrudisha Bond yuleyule. Kamati ya baraza ilimtaka akanushe kauli yake, akakataa, akazuiwa kwa mara ya pili. Novemba 1966 alichaguliwa tena. Kufikia hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba wananchi hawakujua wanamchagua nani.

Bond alikuwa amepeleka shauri lake mahakamani. Mahakama ya chini, yenye majaji watatu, ilikuwa imeliunga mkono baraza kwa sauti mbili dhidi ya moja, lakini Desemba 5, 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo kwa kauli moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Georgia ilikiri kwamba Bond alitimiza sifa zote zilizotajwa na katiba, kama vile umri na ukaazi. Hoja ya jimbo ilikuwa kwamba mbunge, kwa kuwa huapa, anaweza kuwekewa kipimo kikali kuliko raia wa kawaida. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Ilieleza kwamba mbunge anapaswa kuachiwa uwanja mpana kabisa wa kusema juu ya sera za nchi, kwa sababu wapiga kura wanahitaji kujua msimamo wake ili wampime, na kwamba kiapo hakiwapi walio wengi mamlaka ya kupekua moyo wa mwenzao. Hukumu hiyo haikumpa mbunge kinga dhidi ya kila kosa: baraza lilibaki na uwezo wa kumwadhibu mwanachama wake kwa mwenendo mbaya.

Bond aliapishwa Januari 1967. Mwaka uliofuata, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa nafasi ya makamu wa rais, naye akajiondoa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na Katiba inataka 35. Hicho ndicho kizuizi halali, kwa maana kimeandikwa na kinamhusu kila mtu.

Mwaka 1975 alihamia Seneti ya jimbo. Kazi yake kubwa humo ilikuwa ya ramani ya maeneo ya uchaguzi. Mwaka 1981 alipigania Atlanta ipate eneo la uchaguzi wa Bunge la Marekani ambalo takriban asilimia 69 ya wakazi wake wangekuwa weusi, akiungwa mkono na maseneta wa Republican waliotarajia kwamba mgawanyo huo ungewafaa wao katika vitongoji vya weupe. Baraza la Wawakilishi lilipinga, na ilibidi mahakama ya shirikisho iingilie kati ndipo ramani irekebishwe. Kiti hicho kilipoachwa wazi mwaka 1986, Bond aliongoza duru ya kwanza ya mchujo wa chama kwa asilimia 47, kisha akashindwa katika duru ya pili na John Lewis, rafiki yake wa tangu siku za SNCC, aliyepata kura nyingi za weupe. Lewis alikishikilia kiti hicho hadi alipofariki mwaka 2020. Bond hakurudi tena bungeni. Alifundisha vyuo vikuu, akawa mwenyekiti wa NAACP, chama cha kitaifa cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, na alifariki Agosti 2015.