Eti college ndogo za Marekani ni za watoto wa matajiri tu?

Jamani hii kauli naisikia kila siku, kwamba college ndogo ya binafsi Marekani ni ya watoto wa mabosi na ukiwa kapuku usijisumbue hata kuapply. Sio kweli, angalieni Berea College kule Kentucky, ilianza 1855 kama shule ya chumba kimoja, mwanzilishi wake John G. Fee alikuwa mchungaji anayepinga utumwa, 1859 watu wenye silaha wakamtimua yeye na wenzake, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoisha akarudi na weusi na weupe wakasoma darasa moja, wakati ule hiyo ilikuwa hatari kwelikweli. 1904 jimbo likatunga sheria ya kuwatenganisha, chuo kikapambana mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa 1908, na ni mpaka 1950 ndo weusi wakaruhusiwa tena. Inauma sana.

Sasa ada: tangu 1892 mwanafunzi halipi hata senti ya masomo, ila kila mmoja lazima apige kazi angalau masaa kumi kwa wiki, wengine wanafuma vitambaa, wengine wanafunga mafagio kwa mkono na yanauzwa. Na wanaolengwa hasa ni watoto wa familia zenye kipato cha chini.