AI inaandika dokumentesheni vizuri, ila saa za stendi haizijui

Wiki iliyopita dogo mmoja aliyekuja fildi ofisini kwetu kaniuliza, "Kaka, hivi sisi tuna wateja Bangladesh?" Nikacheka, maana mfumo wetu ni wa kukatia tiketi za mabasi ya mikoani, gari ikitoka Mbezi Magufuli ikienda mbali sana ni Bukoba, Bangladesh tunafikaje sasa. Kumbe kasoma dokumentesheni (yale maandishi ya kueleza mfumo unavyofanya kazi), imeandikwa kabisa kwamba fankisheni hii, yaani kipande hiki cha kodi, inabadilisha muda kwenda ukanda wa saa wa UTC+6, akagugo UTC+6 akakutana na Dhaka.

Aliyeandika ni AI. Aliyepitisha bila kusoma ni mimi.

Kodi yenyewe (sio ile ya TRA jamani, ni maagizo ya kompyuta) ni mstari mmoja, na ile % inachukua kinachobaki baada ya kugawa:

muda = (saa % 12) + 6

AI imeona 6 inajumlishwa kwenye kitu kinaitwa saa, ikajua ni ukanda wa saa. Ila mtu aliyekulia huku akiitazama kidogo anacheka, mawakala wa stendi walikuwa wanajaza saa za Kiswahili! Basi la saa 12 asubuhi wakala anaandika 12 wakati kompyuta inataka 6. Gawa 12 kwa 12 inabaki 0, jumlisha 6, umepata. Saa 1 inakuwa 7, saa 2 inakuwa 8. Za usiku zina mstari wake chini yake, zenyewe zinaongezwa 18. Jamaa aliyeandika kodi hii kashahama kazi zamani na hakuacha komenti hata moja, yaani maelezo mafupi pembeni ya kodi.

Hapo ndo shida ilipo. Kodi inakwambia kinafanyika nini, kwa nini kinafanyika haikwambii, na AI ikikosa sababu mara nyingi haisemi "sijui", inakutungia moja inayofanana na ukweli, tena kwa lugha nyoofu kuliko yako. Daniele Procida kwenye ule mfumo wake wa Diátaxis kagawa dokumentesheni mafungu manne: mafunzo, maelekezo ya kufanya jambo, marejeo na ufafanuzi. Kwenye marejeo AI ni moto, fankisheni 40 na vigezo vyake inamaliza kabla chai haijapoa. Kwenye ufafanuzi ndo inakuuza.

Siku hizi kabla haijaandika chochote naiambia inipe kwanza maswali, sehemu gani ya faili hili hauelewi ipo kwa sababu gani. Nilivyorudia kwa ule mstari, swali la kwanza likawa 6 imetoka wapi. Yani ilikuwa inajua kwamba haijui, ila mimi sikuuliza! Pia naipa historia ya git (kumbukumbu ya kila badiliko la kodi) na majaribio ya kodi, sio kodi tupu, maana sababu nyingi zimejificha kwenye ujumbe wa komiti, ule unaoandikwa kwa kila badiliko, kama "wakala wa Moro kalalamika". Na kila inachodai lazima initajie faili na mstari, nikifungua nisipokiona nafuta. Faili la siri lenye nywila na funguo za malipo halibandikwi humo, hilo sijadili na mtu.

Amri za README, faili la maelekezo ya kuanzia, nazirun mwenyewe kwenye mashine safi. Ilishaniandikia amri ya kuwasha mfumo npm run start:dev kwenye ripo (folda la mradi) ambayo package.json yake, faili linaloorodhesha amri, ina dev peke yake, mtu mgeni angehangaika nusu siku. Niliijaribu na Kiswahili pia, string, yaani maandishi, ikaniitia kamba na thread, kazi inayoenda sambamba na nyingine, ikawa uzi, nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Dokumentesheni ya ule mstari nikampa dogo aiandike upya. Akaiambia AI imchoree jedwali la saa zote 24, saa ya wakala kushoto, ya kompyuta kulia. Asubuhi na mchana safi. Usiku, saa 5 ikatoka 23, saa 6 ikatoka 24, saa 7 ikatoka 25, wakati saa za kompyuta zinaishia 23 halafu zinarudi 0. Mstari ule wa usiku uliandikwa enzi mabasi hayaruhusiwi kutembea usiku wa manane, ruhusa imekuja 2023, na gari zetu za mwisho zinatoka saa 5 kwa hiyo hakuna aliyewahi kugusa hapo. Mwezi ujao tunaanza ya saa 7 usiku. Dogo ndo anarekebisha, nimemwambia na komenti aweke.