Kelele za Usiku: Kiwango cha Usiku Huanza Saa Mbili, Si Saa Sita

Kila mwaka shule zikifungwa Desemba, dawati la malalamishi la ofisi yetu ya mazingira, Pwani ya Kenya, hupokea barua za aina moja. "Hatulali." Wengi huongeza kwamba tatizo si la kila siku. Baa ni ile ile, spika ni zile zile, lakini usiku mmoja mtu analala hadi alfajiri na usiku wa pili hapati hata lepe la usingizi, vyombo vinatikisika kabatini. Mwenye baa akiulizwa anaapa kwamba hajagusa kitufe cha sauti. Maafisa wapya wakisoma hayo hudhani mlalamikaji anatia chumvi. Mara nyingi hatii, na mwenye baa naye huenda anasema kweli.

Mchana jua linapopiga, hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ya juu yake, na sauti inaposafiri hupinda kwenda juu ikapotea. Usiku mtulivu, bila mawingu, ardhi hupoa haraka, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu. Hapo sauti hupinda kurudi chini na kutua mbali na ilikotoka. Upepo nao una mchango wake: anayekaa upande ambako upepo unaelekea husikia zaidi kuliko anayekaa upande unakotoka. Kwa hiyo hapa Pwani, kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini-mashariki) ikivuma, walio kusini-magharibi mwa klabu ndio huja ofisini. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, huja wa upande wa pili. Nimewahi kuona mafaili mawili ya klabu moja, yaliyoandikwa na mitaa miwili tofauti, kila mmoja ukidai kwamba ule mwingine umehongwa ndiyo maana umenyamaza.

Kaskazi ndiyo pia miezi ya joto. Mwili hauingii usingizini vizuri mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo, na nyumba ya mabati isiyo na dari haisaidii, kwa hiyo watu hufungua madirisha. Dirisha lililo wazi hupunguza sauti ya nje kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 hadi 15 tu. Jumlisha na likizo, harusi, wageni kutoka bara na matanga, utaona kwa nini Desemba ni Desemba.

Yako mambo mengine ya kukosesha usingizi ambayo hayahusu ofisi hii: chai ya rangi ya saa tatu usiku, miraa, simu kitandani, deni, ugonjwa. Kama hulali vizuri angalau mara tatu kwa wiki na hali hiyo imeendelea miezi mitatu, nenda kituo cha afya hata kama jirani yako ni kimya kama makaburi. Usije kwetu, wala usiende kununua vidonge vya usingizi kwa ushauri wa muuza duka.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wananchi wanapojitungia yao.

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba kelele zinaruhusiwa hadi saa sita usiku. Wengine husema saa nne. Sijui saa hizo zilitoka wapi. Nadhani wengi wamechanganya na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyoweka saa tano usiku kuwa mwisho wa kuuza pombe kwenye baa za kawaida. Hiyo ni saa ya chupa. Saa ya kelele iko kwenye Kanuni za Usimamizi na Uratibu wa Mazingira kuhusu Kelele na Mitetemo, Tangazo la Kisheria Nambari 61 la 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Kwa kanuni hizo usiku huanza saa mbili na dakika moja na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Tangu 2009. Si jambo la jana.

Jedwali la kwanza la kanuni hizo linataka lisomwe kwa makini, hasa safu yake ya usiku. Maeneo ya utulivu: desibeli 40 mchana, 35 usiku. Maeneo ya ibada: 40 mchana, 35 usiku. Makazi, ukipima nje: 50 mchana, 35 usiku, ndani, 45 na 35. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 mchana, 35 usiku. Maeneo ya biashara: 60 mchana, 35 usiku. Mchana vikomo vinapanda ngazi kwa ngazi, lakini usiku ni 35 kutoka juu hadi chini. Basi lile neno la "hapa ni mjini, si kijijini" lina maana mchana. Saa mbili na dakika moja ikishapita, neno hilo halina kazi tena.

Ujenzi una jedwali lake, na usiku wake huanza mapema zaidi, saa kumi na mbili na dakika moja jioni. Karibu na makazi, hospitali na shule kikomo ni 60 mchana na 35 usiku; kwingineko ni 75 na 65. Mkandarasi anayemimina zege saa nne usiku kwa sababu lori lilichelewa Mariakani anavunja kanuni, na lori si utetezi.

Watu huuliza kama 35 si kali mno. Ni kali. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 1999 lilitaja 30 ndani ya chumba cha kulala kwa sauti isiyokatika. Tufanye hesabu ndogo. Spika ya nje ikitoa desibeli 95 mita 5 kutoka ilipo, kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza takriban desibeli 6. Kwa mita 10 ni 89, kwa 20 ni 83, kwa 40 ni 77, kwa mita 80 bado ni 71. Ondoa 15 za dirisha lililo wazi, zinabaki 56 kwenye mto wa mtoto. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi: ongezeko la 10 ni nishati mara kumi. Ndiyo maana mwenye baa anayeniambia "nimepunguza kidogo" huwa namwomba azime kabisa spika za nje, abaki na za ndani, aelekeze midomo ya spika hizo mbali na nyumba. Hilo halimgharimu hata senti, na kanuni zenyewe zinataka tutazame kama kelele ingeweza kudhibitiwa bila gharama au taabu kubwa.

Besi, ile sauti nzito ya chini, ni shida ya peke yake, na hapa ni haki niseme wazi upungufu wa vipimo vyetu. Wimbi la sauti ya hertzi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Ukuta wa matofali ya kawaida haulizuii sana, na pazia ndiyo kabisa. Lakini kipimo tunachotumia, desibeli A, kimewekwa kufuata sikio la binadamu, kwa hiyo hupunguza uzito wa besi: kwenye hertzi 63 hukata desibeli 26. Matokeo yake ni kwamba mashine inaweza kuonyesha namba isiyotisha huku mama wa watu anahisi kifua kikimdunda. Mlalamikaji akiniambia hivyo simbishii. Humwandikia pia kwenye fomu, chini ya mitetemo.

Yuko anayesema amezoea. Ubongo huzoea kutoamka, hilo ni kweli, lakini vipimo vya watu wanaolala karibu na barabara kubwa huonyesha moyo ukiendelea kuruka kila lori linapopita, mwenyewe akiwa haamki. Asubuhi anaamka mchovu, analaumu godoro, au anasema ni jinamizi.

Hatua za kulalamika nazieleza kwa urefu kwa sababu malalamishi mengi hufia hapa.

Kwanza, kelele ya juzi haipimiki. Barua inayofika Jumanne kuhusu Ijumaa iliyopita inatusaidia kupanga doria, basi. Andika siku, saa ilipoanza, saa ilipozimwa, aina ya kelele, na nyumba yako iko upande gani wa chanzo. Wiki mbili tatu za kumbukumbu kama hizo zina uzito kuliko sahihi za mtaa mzima kwenye karatasi isiyo na tarehe. Usiku wenyewe, piga ripoti kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB, daftari la matukio la polisi. Bila nambari hiyo, siku ya kesi utabaki kusema "nilimwambia askari". Chifu na mzee wa mtaa wajulishwe pia, kwani nusu ya mambo haya huisha kwao kabla sisi hatujawasha gari.

Pili, programu ya simu inayopima desibeli si ushahidi. Itumie kujua ukubwa wa tatizo, lakini usije ofisini kupigana na afisa kwa sababu simu yako ilisema 88. Kipima sauti chetu husahihishwa kwa kifaa maalumu kinachotoa desibeli 94 kwenye hertzi 1,000, kabla ya kazi na baada ya kazi, na zote mbili huandikwa. Maikrofoni huvishwa sifongo dhidi ya upepo, husimamishwa kwenye miguu mitatu, kati ya mita 1.2 na 1.5 kutoka chini, mbali na kuta zinazorudisha sauti. Kisha tunahitaji pia kupima mtaa muziki ukiwa umezimwa, kwa sababu minazi kwenye upepo, vyura na barabara ya Malindi vina sauti yao, na wakili wa upande wa pili atauliza. Namba inayoandikwa ni wastani, si kile kilele ulichokiona kikimweka.

Tatu, tunapima upande wa anayelala. Wenye baa hutuita tupime mlangoni mwao, tena saa kumi jioni. Tunashukuru kwa mwaliko.

Jina la mlalamikaji hatumpelekei mlalamikiwa. Lakini kesi ikifika kortini anahitajika mtu wa kusimama kizimbani aseme alikosa usingizi, na hapo majirani wote hugeuka kuwa walikuwa safarini. Hatuwezi kumlazimisha mtu, na tunaelewa hofu ya kuishi na jirani uliyemshtaki. Ila msituulize tena kwa nini kesi ilitupwa. Asiyetaka kutungoja anaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Mazingira na Ardhi: Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 haimtaki mwombaji athibitishe kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.

Anayepatikana amezidi kikomo huanza kupewa ilani ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Akipuuza, hupelekwa mahakamani, na kanuni zinataja faini isiyozidi shilingi 350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. Leseni ya pombe haimkingi. Leseni ya biashara haimkingi. Kuwa alifungua kabla nyumba hazijajengwa hakumkingi. Nairobi mwishoni mwa 2022 kaunti ilikwenda mbali zaidi ikasitisha leseni za klabu za usiku katika makazi. Sisemi kila kaunti itafuata, ila udhibiti wa kelele ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo mwenye kuwekeza afikirie mahali kabla ya kuagiza spika.

Misamaha ipo. King'ora cha gari la wagonjwa, kengele ya moto na onyo la hatari havimo katika mjadala huu. Ibada haimo katika orodha ya misamaha, iwe mkesha wa injili au kipaza sauti cha mnarani, na nasema hivi nikijua simu zitakazonijia. Mpaka sasa mambo ya ibada tumeyamaliza kwa mazungumzo na maimamu na wachungaji, na tungependa yaendelee hivyo.

Matanga yana leseni yake. Mwenye shughuli yoyote itakayopitisha kikomo anatakiwa kuomba leseni ya kelele, ambayo haizidi siku saba. Kibali cha fataki, ubomoaji na viwanda vizito ni kingine, kisichozidi miezi mitatu. Kwenye leseni huandikwa saa ya kuanza, saa ya kuzima na spika zitaelekezwa wapi. Disko matanga, yaani dansi ya usiku kwenye msiba, ya watoto wa shule hatuiandikii leseni, mzazi asipoteze nauli kuja kuomba. Familia yenye msiba tunaihudumia kwanza, lakini mleteni mtu mmoja mwenye kitambulisho na barua ya chifu, na mje asubuhi. Ijumaa saa tisa alasiri, na jenereta tayari imeshushwa uwanjani, hatuna tunachoweza kusaini.