Je, wajua kwa nini vumbi kwenye kioo cha darubini mpya halifai kufutwa?

Anayefungua boksi la darubini ya kioo, yaani ile ya kutazamia nyota inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi, kwa mara ya kwanza huondoa sponji na mifuko ya nailoni, huvua kifuniko cha bomba, kisha humulika ndani kwa tochi. Hapo huona chembe nyingi zikimetameta, na mkono huenda wenyewe kwenye kitambaa. Nami nilifanya vivyo hivyo: nilifuta kioo cha darubini yangu ya kwanza kwa pamba safi, nikiamini kwamba kifaa kipya sharti king'ae na kwamba kila punje ya vumbi ingeonekana kama doa juu ya Mwezi. Nilikosea katika yote mawili, na mikwaruzo ya siku ile ingali pale.

Kosa la kwanza lilitokana na mazoea ya kioo cha kujitazamia. Kioo cha nyumbani hupakwa madini upande wa nyuma, kwa hiyo anayekifuta haugusi kamwe utando unaorudisha mwanga. Kioo cha darubini hupakwa upande wa mbele, ili mwanga urudi bila kupenya ndani ya kioo. Ni tofauti kati ya picha iliyo ndani ya fremu yenye kioo na picha iliyowekwa mezani wazi: ya kwanza hufutwa kila siku bila madhara, ya pili huchubuka. Wanasayansi Steinheil wa Ujerumani na Foucault wa Ufaransa walitumia utando wa fedha katika miaka ya 1850. Tangu miaka ya 1930 alumini ndiyo imeenea. Unene wake hukaribia nanomita 100, ilhali unywele mmoja wa mtu huweza kuuzidi mara 700. Vumbi nalo huwa na punje za mchanga wa kwatsi, ambao katika kipimo cha Mohs, cha kupima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, una ugumu wa 7, huku alumini haifiki 3. Vioo vingi huongezewa utando mwembamba wa kinga juu ya alumini, lakini ubora wa kinga hiyo hutofautiana, na si busara kuupima kwa kitambaa ambacho, kikishabeba mchanga, kimekuwa msasa.

Kosa la pili ndilo lililonishangaza zaidi. Fikiria paa la mabati linalokinga mvua: maji ya kila bati huteremka kwenye mfereji mmoja na kuingia katika tangi moja. Jani likinasa juu ya paa, tangi halipati pengo lenye umbo la jani. Hupungukiwa na maji kidogo tu. Kioo cha darubini hukusanya mwanga kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa kila sehemu yake hupeleka mwanga wa nyota ile ile mahali pale pale, na sehemu moja ikizibwa, nyingine zote huendelea kuichora nyota nzima. Katika darubini yenye kioo cha milimita 200, kioo kidogo cha milimita 50 kilicho mbele yake, kinachoupeleka mwanga kwenye jicho, huziba sehemu 1 kati ya 16 ya eneo lote, yaani zaidi ya asilimia 6, na hakuna sayari inayoonekana na tundu. Vumbi lililofunika asilimia 1 ya kioo huziba asilimia 1 tu ya mwanga.

Hata hivyo, vumbi si kitu cha kupuuzwa kabisa. Likiwa jingi hutawanya mwanga, na kando ya Mwezi au sayari ya Mshtarii (Jupita) anga huonekana kama limepakwa maziwa. Tochi, hata hivyo, si hakimu wa haki, kwa sababu mwanga wake wa mshazari huifanya hata punje ndogo ing'ae.

Kwa hiyo boksi lifunguliwe ndani ya nyumba, mbali na jua, kwa kuwa kioo kilicho wazi kinaweza kukusanya miale na kuunguza. Likitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda penye joto na unyevu, kama Mombasa au Dar es Salaam, libaki limefungwa hadi vifaa vipate joto la mahali hapo. Na ukungu ukishatanda juu ya kioo, uachwe ukauke wenyewe. Chembe zipeperushwe kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, maana mate huacha madoa.

Anayetaka ushahidi aelekeze darubini kwenye nyota angavu usiku na kuizungusha skrubu ya fokasi, ile inayorekebisha ukali wa picha, hadi nyota ivimbe kuwa duara. Katikati ataona kivuli cheusi cha kile kioo kidogo, na akiweka kidole mbele ya bomba, kivuli cha kidole nacho kitatokea. Kisha, kidole kikiwa pale pale, airudishe fokasi polepole: vivuli vyote viwili vitatoweka, na nyota itabaki nukta moja kamili.