Kalamu za mpingo, pembe na mnazi: tatizo ni joto jamani

Watu wakiona kalamu ya mpingo swali lao ni moja, hivi hii si ngumu sana kukereza? Ngumu ndiyo, mpingo ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama kama jiwe, ila ugumu haujawahi kuniharibia kalamu hata moja. Kinachoniharibia ni joto.

Iko hivi. Ndani ya kalamu kuna kibomba cha brasi, hizi nyembamba za kawaida ni milimita 7, kwa hiyo kabla hujafika hata kwenye mashine ya kukereza lazima utoboe kipande chako katikati urefu wote. Mimi mabaki nayaokota kwa wachonga vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, na mwanzoni nilikuwa nasukuma drili moja kwa moja mpaka itokee upande wa pili, kipande kinatoka kizuri kabisa, unakiweka mezani unaenda kunywa chai, ukirudi kina ufa. Siku hizi nazamisha kama sentimita moja, nachomoa biti, natoa unga, nasubiri kidogo ndo narudi. Msasa hivyohivyo, kidole kikianza kuungua ujue na mti unaungua. Halafu mpingo una mafuta yake, gundi ya kushikia kibomba haishiki vizuri, so nafuta kwanza na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha.

Pembe ya ng'ombe sasa. Nazipata machinjioni Vingunguti, natumia ncha tu maana huku chini iko wazi ndani. Pembe ni keratini, kitu kilekile cha nywele na kucha, ndo maana nikiikereza jirani anauliza leo nani kaunguzwa kichwa saluni 😂 Ikipata moto inalainika, wanaotengeneza vitana vya pembe wanaipasha makusudi ili wainyooshe, ila kwangu mimi ni balaa, natoboa tundu la duara, ikipoa limekuwa yai na kibomba hakiingii.

Mnazi hauna shida ya kupasuka sana, shida yake nyuzi. Zile nyuzi nyeusi ni ngumu na katikati yake laini, patasi inakuwa butu haraka mno, na patasi butu haikati, inasugua tu, tumerudi kwenye joto lilelile. Chukua sehemu ya nje ya shina la mnazi mzee, moyo wake achana nao.

Kabla hujauliza, meno ya tembo na magamba ya kasa sigusi. Na mpingo wenyewe uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, ukitaka kutuma mbao nje ulizia vibali kwanza.

Mwisho napaka supaglu ndo ing'ae, tabaka nyembambanyembamba. Usiwe na haraka ukamwaga nyingi, ikikauka nayo inatoa joto, inafuka kabisa, inakuwa nyeupe kama povu na macho yanawaka, unaanza tena na msasa.